Mizani Iliyotazama Ukuta

Baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, Mama Mizani anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa nne asubuhi. Saa tano anapanda ndege. Kwa habari hiyo ya pili wafanyakazi wamekuwa wakija chumba changu cha redio mmoja mmoja, wakifunga mlango nyuma yao, kuniuliza kama nimesikia vizuri. Nimesikia vizuri. Kwa kuwa nimechoka kurudia, nimekubali kuandika ukurasa huu wa jarida letu.

Kwa ndugu na wageni waalikwa ambao hawatujui: sisi ni shirika la ndege mbili. Moja tunaiita Mkubwa na nyingine Mdogo, ingawa zote zina viti tisa vya abiria na zimetoka kiwanda kimoja. Mkubwa ni mkubwa kwa umri tu, na kama wakubwa wengi kazini, asubuhi ana shida ya kuamka. Tunaruka kwenda miji midogo ambayo mashirika ya maana huiona dirishani yakiwa njiani kwenda kwingine. Ukumbi wetu wa abiria ni chumba kimoja chenye viti vilivyotoka kwenye jumba la sinema lililofungwa, kwa hiyo vyote vimepangwa safu safu na vinatazama upande mmoja. Ufunguo wa choo umefungwa kwenye kipande cha propela iliyokufa, kwa sababu ule wa kwanza ulisafiri na abiria mfukoni na haukurudi mpaka wiki iliyofuata. Wiki hiyo siisimulii, maana kutakuwa na keki.

Upande ule ambao viti vinatazama ndiko iliko mizani, na hapo ndipo kazi ya Mama Mizani ilipo. Ndege ndogo haina mswalie Mtume. Ukiipakia kilo ambazo haiziwezi itakataa kunyanyuka, au itanyanyuka halafu wote mjute. Kwa hiyo kwetu halipimwi begi tu, anapimwa na mwenye begi. Mheshimiwa, mchungaji, bibi harusi na shela lake, wote hupanda juu ya bamba lile la chuma. Mama Mizani husoma mshale, huamua nani akae mbele, nani akae mkiani na sanduku la nani lisubiri ndege nyingine, kisha humpelekea rubani jumla. Jumla tu. Hajawahi kumpa rubani yeyote uzito wa mtu mmoja mmoja, na marubani walioomba walijibiwa kwamba wao kazi yao ni kuendesha.

Alikuja hapa akiwa kijana, mkata tiketi mpya, na binti wa mwaka mmoja aliyelala ndani ya kikapu cha barua nyuma ya kaunta. Wakati huo uso wa mizani ulitazama ukumbi. Kulikuwa na mpakiaji wa mizigo aliyeitwa Spika, mwenye sauti iliyosikika ndani ya ndege injini ikiwa imewashwa, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kutangaza kilo za watu. Viti vile vya sinema havikukosa watazamaji. Kuna waliofika saa nzima kabla ya safari ili wasikose kuona majirani wakipimwa.

Wiki ile ile ya kwanza, Spika akasema mizani inahitaji kujaribiwa, akamwomba mkata tiketi mpya apande. Akavua viatu, akapanda. Spika akatangaza. Ukumbi mzima ukacheka, na mtu mmoja wa viti vya nyuma akauliza kama shirika lina ndege ya ukubwa huo. Kabla ya jioni alikuwa ameshapewa jina, Nusu Tani, na jina lile lilimfuata mpaka sokoni.

Fundi wetu mkuu alikuwepo na bado yupo, na ndiye anayesimulia. Alishuka, akavaa viatu, akaendelea kukata tiketi. Jioni akamwazima fundi spana. Kesho yake asubuhi abiria walikuta mizani imegeuzwa, uso umetazama ukuta huku bamba likibaki upande wa ukumbi, bolti zimekazwa sakafuni kwa hasira, na kwenye ile nafasi finyu kati ya mizani na ukuta kuna stuli, na juu ya stuli amekaa yeye. Meneja wa wakati huo alipouliza, aliambiwa kwamba jua lilikuwa linaharibu kioo. Ukumbi wetu hauna dirisha upande ule. Meneja akaona maelezo yanaridhisha, na Spika akarudishwa kwenye mizigo, kazi isiyohitaji sauti.

Kuanzia siku hiyo hakuna abiria aliyesikia kilo zake zikitajwa mbele za watu. Ukishuka kwenye bamba ukamuuliza umefika ngapi, atakuambia neno moja, "Unatosha," halafu atakuonyesha kiti. Wamekuja wengi kujaribu kumchimba. Alikuja fundi cherehani mwenye vipimo vya wateja wasiosema kweli. Alikuja mama mkwe mtarajiwa, amevaa vizuri, akitaka kujua kwa nia njema kabisa mchumba wa mwanawe ana kilo ngapi kabla familia haijafika mbali. Akajibiwa kwamba anatosha. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yetu ilikuwa imekaa kwenye stuli imefumba mdomo.

Kilo za mtu mmoja tu ndizo alizozitangaza kwa mdomo wake. Kila mwisho wa mwezi, abiria wakiwa wamejaa, alimweka binti yake na kikapu chake juu ya bamba, akaenda nyuma, akatoa uzito wa kikapu, halafu akatoa kichwa juu ya mizani na kusema kwa sauti kilo za mtoto. Abiria walipiga makofi. Binti alikua hivyo, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri ndege, na alipoanza kusimama mwenyewe kwenye bamba alikuwa akiinama kwa heshima baada ya makofi. Wengi wetu humu tunamwita binti yetu, ingawa mitihani alifeli na kufaulu bila msaada wetu.

Nisije nikafanya mtu adhani Mama Mizani ni malaika, niseme kwamba ana roho ya kutu akiamua. Mfanyabiashara mmoja aliambiwa begi lake limezidi. Akaingia chooni na begi na ule ufunguo wenye propela, akatoka amevaa suruali tatu, mashati yote na makoti mawili, begi limelegea. Akapanda mizani akitabasamu. Mama Mizani akamweleza pole pole kwamba kilo hazijali kama ziko ndani ya begi au juu ya mwenye begi. Nafasi siku hiyo ilikuwepo, angeweza kumruhusu avue, lakini alimwonyesha kiti cha mkiani akamwambia aharakishe. Kule alikoshuka, waliompokea walimkimbiza zahanati wakidhani ana homa.

Na kuna siku alikuja mheshimiwa na mlinzi wake, ndege imebakiza nafasi ya mmoja. Aliwapima wote wawili, akatoka nyuma ya mizani na kuuliza, kwa adabu zote, ni yupi kati yao ambaye nchi inaweza kumkosa mpaka kesho. Mheshimiwa alisafiri peke yake, amebanwa kati ya nesi na kreti la vifaranga, na mlinzi akafuata kwa basi. Alifika kesho kutwa, akiwa yeye ndiye anayehitaji kulindwa.

Lakini kisa ambacho hakijawahi kuandikwa popote ni cha Kapteni Mluzi, rubani wetu mwandamizi, anayepiga mluzi kila ndege inapoacha ardhi. Ameniruhusu kukisimulia, baada ya kuomba nikipunguze, nami nimekataa. Marubani nao hupimwa, kila Jumatatu. Miaka sita iliyopita Kapteni alianza kukonda na akaogopa kwamba madaktari wakijua watamzuia kuruka. Akatafuta dawa ya kisomi: kila Jumatatu alipanda mizani na spana mifukoni, moja zaidi kila alipopungua. Mshale ulisimama pale pale wiki baada ya wiki, na hakuna binadamu anayekula na kulala ambaye uzito wake hausogei. Mama Mizani alikuwa ameshaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Wakati huo fundi alikuwa amegombana na wapakiaji wote kwa sababu ya zana zinazopotea.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Kapteni alitangulia kuumbuliwa na suruali. Mkanda ulishindwa. Mbele ya viti vyote vya sinema, rubani mwandamizi alibaki na chupi ya mistari, na spana za fundi zikatawanyika sakafuni kwa kelele ambayo mimi niliisikia nikiwa chumba cha redio. Mama Mizani akatoka kwenye stuli, akamzungushia bango la ratiba lililokuwa ukutani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, leo hii uende hospitali. Usipoenda nitasoma kilo zako kwa sauti, na zile za spana nitatoa." Akaenda. Ikaonekana ni tezi ya shingoni, ugonjwa wa kutibika ukiwahiwa. Alikaa chini miezi mingi, akanenepa, akarudi kuruka na mluzi wake. Fundi hakuwahi kuwaomba radhi wapakiaji.

Sasa nirudi kwenye swali mlilokuwa mnakuja kuniuliza. Mama Mizani amepakia ndege zetu kwa miaka yote hiyo na hajawahi kupanda hata moja. Yeye mwenyewe alitufundisha sababu: anaogopa kwenda juu. Tulimwamini, ingawa mimi nilishamwona juu ya paa, amesimama ukingoni akinirekebishia waya wa antena kwa upepo mkali huku akinitukana kwa kuufunga vibaya. Mtu mwenye hofu ya juu hatukani hivyo akiwa juu.

Binti yule wa kikapu alikua, akaolewa na daktari wa mifugo, akahamia mji ulio mwisho kabisa wa njia yetu. Kwa ndege ni chini ya saa moja. Kwa basi ni siku mbili, mvua zikipenda. Alipojifungua mtoto wa kwanza, bibi alikwenda kwa basi. Basi likakwama. Alipofika, mjukuu alikuwa ameshapewa jina na kitovu kimeshadondoka. Binti hakulalamika. Alimweka mtoto mapajani mwa bibi yake, akauliza tu, "Mama, si ndege zenu zinatua hapa kila Ijumaa?"

Binti ana mimba ya pili na hii imekuwa ya taabu. Madaktari wamepanga kumfanyia upasuaji Jumamosi, siku moja baada ya sherehe yetu. Wiki mbili zilizopita nilipokea kwa redio habari kwamba daraja la barabara ile limechukuliwa na maji na mabasi yamesimama. Nikatoka kumwambia. Alikuwa akifuta vumbi. Akaacha, akaenda kukaa kwenye kiti cha sinema, safu ya mbele, mahali ambapo sikuwahi kumwona akikaa, akawa anatazama mgongo wa mizani yake.

Nikamwambia Ijumaa Mdogo anakwenda, ajikaze, hofu ya juu huisha akifumba macho. Akasema, "Kuruka si kitu. Mimi nikipanda pale, nani atasoma?"

Nilicheka. Kisha nikamtazama usoni nikaona macho yamejaa, nikaacha kucheka. Mizani ile, kwa namna alivyoigeuza, mtu aliye juu ya bamba hauoni mshale. Lazima awepo mwingine kwenye stuli. Miaka yote hiyo alikuwa akipanda basi siku mbili, amekosa kuzaliwa kwa mjukuu, ili asije mtu wa shirika hili akakaa kwenye ile stuli na kuzijua kilo zake. Kinyozi hajinyoi. Nilijisikia vibaya, na nilimkasirikia Spika, ambaye siku hizi anafuga nyuki na hana habari.

Habari ilipoenea, kila mtu akawa na ushauri. Mpakiaji mmoja alishauri akapimwe duka la dawa, akaambiwa mizani ya pale inadanganya na mwenye duka hanyamazi. Fundi alileta kioo cha kunyolea akakining'iniza ukutani, lakini kilichoonekana ndani yake ni namba zilizogeuka na pua ya fundi. Mkurugenzi alijitolea kusoma yeye mwenyewe, kama kiongozi anayeaminika kwa siri. Mama Mizani alimtazama tu, mpaka akakumbuka ana kikao.

Kapteni Mluzi ndiye aliyekuja na wazo tulilodhani litamaliza mambo. Alisema ataacha viti viwili wazi na mzigo wote wa barua, halafu Mama apande bila kupimwa, yeye atakisia. Alisema kwa upendo, maana anajua anachodaiwa. Akagombezwa kama mtoto. Mama Mizani alimwambia kwamba tangu akae kwenye stuli ile hajawahi kumpandisha mtu kwa kukisia, na hataanza na yeye mwenyewe, kwa sababu ndani ya ndege ile kutakuwa na watoto wa watu na wajukuu wa watu. Kisha akasema basi haendi. Alisema hivyo kwa utulivu, akaendelea na kazi, na kwa siku tatu hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Siku ya nne fundi aliingia ukumbini bila kumsalimia mtu. Alikuwa na kopo la mafuta na spana ile ile aliyomwazima siku ya kwanza, ambayo katikati hapo ilishawahi kukaa mfukoni mwa Kapteni. Akapiga magoti, akaanza kulainisha bolti moja baada ya nyingine, zilizokuwa zimeshika kutu tangu Mama Mizani alipozikaza. Alipomaliza akajifuta mikono, akamwambia, "Dada, ikigeuka itatazama ukumbi. Watu tutawatoa." Mama Mizani alikwenda kwenye kaunta akajikatia tiketi.

Basi ratiba ya Ijumaa ni hii, na naomba isomwe kwa makini. Saa nne hotuba. Mkurugenzi amekubali kuzungumza kwa muda ambao birika letu huchukua kuchemka, na birika litawashwa akisimama. Kisha keki, ambayo ina kilo mbili. Hizo tumeruhusiwa kuzitaja. Kisha Mama Mizani atakaa kwenye stuli yake kwa mara ya mwisho na kuwapima abiria wa Mdogo kama kawaida, na kila mmoja ataambiwa anatosha. Baada ya hapo fundi atalegeza bolti na kuigeuza mizani, na sisi sote, wafanyakazi, abiria, wageni na mheshimiwa kama atafika, tutatoka nje, mlango utafungwa, na tutasimama kutazama ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo. Wapakiaji, tundu la ufunguo nimeshaliziba. Na wale walioanza kupanga kutoa jumla hii na jumla ile, msijisumbue: kilo za abiria wengine anazijua yeye peke yake.

Humo ndani atavua viatu na kupanda. Atasoma mwenyewe, na mshale utarudi kwenye sifuri akishuka. Atajijumlisha na wenzake, atafungua mlango, atamkabidhi Kapteni jumla yake ya mwisho, na safari hii na yeye atakuwemo. Kapteni ameagizwa asitie neno la kwake. Atasema, "Mama, unatosha," halafu atamwonyesha kiti.

Mama Mizani, kwa niaba ya wote uliowapandisha wakashuka salama, na ya wote uliowaficha aibu yao, ahsante. Tumekuchokoza sana na umetuvumilia kiasi. Maisha yako ya mapumziko yawe mema na marefu, na mrithi wa stuli yako atakuja Jumatatu; atakuta mizani imeshatazama ukuta tena, na tumemwonya kuhusu mdomo.

Ombi langu ni moja. Jumamosi mjukuu akishatoka na binti yetu akiwa salama, nenda pale uwanjani kwao, shika redio, uniambie mtoto ana kilo ngapi. Nitatoka nisimame mbele ya viti vyote vya sinema, nizitangaze kwa sauti ya Spika, na abiria watapiga makofi.